Picha ya Kichwa cha Bagambaki

Mwaka jana, miezi michache baada ya mimi kustaafu, mwanafunzi wangu wa zamani aitwaye Jasinta alinitumia picha kwenye simu. Jasinta yuko Nairobi, kwenye hospitali ya wanyama wanaofugwa majumbani, na kazi yake ni kumlaza mbwa au paka ndani ya ile mashine kubwa ya duara na kumpiga picha za ubongo, kipande baada ya kipande, kama mtu anayekata mkate. Picha hiyo ilikuwa ya paka. Upande mmoja wa ubongo palikuwa na uvimbe mweupe, mviringo, umekaa kwa raha zake, na ubongo umesogea kuupisha. Jasinta aliniandikia kwamba paka huyo alikuwa akizunguka mahali pamoja kutwa nzima, wenyewe wakadhani ameshikwa na kichaa, kumbe ni uvimbe, na sasa ameshapasuliwa na anakula vizuri. Kisha akaniuliza kwa utani, maana tumezoeana: "Mwalimu, enzi zenu mliwahi kumpiga mbwa picha, au ilikuwa vifua vya watu tu?" Nikamjibu papo hapo: "Hatukuwahi." Nikaweka simu mezani, nikaenda jikoni kumenya ndizi, na nikajikuta nimekaa na kisu mkononi sifanyi kitu. Miaka yote niliyofundisha niliwaambia vijana kwamba mtu wa mionzi anayeficha picha mbaya ni hatari kuliko mashine mbovu. Leo nimestaafu, hakuna wa kunifukuza kazi, na bado nimemdanganya mtoto wa watu juu ya mbwa aliyekufa zaidi ya miaka thelathini iliyopita.

Nimewahi kumpiga mbwa picha. Mara moja tu, Jumapili asubuhi, kwa filamu moja. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na minne. Ya nyumbani kwetu nayaacha, hayana kosa lolote katika habari hii. Nianzie pale nilipopokelewa kazini katika hospitali moja ya misheni huko Karagwe, mwezi wa Januari, nikaambiwa niko kwenye majaribio ya mwaka mmoja. Mwaka ukiisha salama ningepewa barua ya kuthibitishwa. Usipoisha salama ningerudi nilikotoka na sanduku langu. Kila kitu nilichofanya mwaka ule nilikifanya nikiitazama barua hiyo kwa mbali. Nilipewa koti jeupe lililonizidi mabega, na kwa kuwa wagonjwa walimwita dokta kila aliyevaa koti jeupe, nami niliitwa dokta, na sikumsahihisha hata mtu mmoja.

Nyumba za hospitali zilikuwa zimejaa, nikapangishiwa chumba katika kijiji cha Kanoni kwa mjane mmoja aliyeitwa Ma Kokuhirwa, nikawa naenda kazini kwa baiskeli. Chumba changu kilikuwa kimepakana na stoo ya kahawa. Wakati wa mavuno magunia yalipangwa hadi darini, na nguo zangu zote zikanuka maganda ya kahawa hata baada ya kufuliwa. Kulikuwa na kitanda cha mbao, meza yenye mguu mmoja mfupi uliowekewa kipande cha tofali, na dirisha lililotazama moja kwa moja kwenye kibanja, yaani shamba lake la nyumbani, migomba ikiwa karibu kiasi kwamba mvua ikinyesha nilisikia majani kabla ya bati. Ukuta kati yangu na jiko ulikuwa wa udongo na haukufika juu. Kwa hiyo nilimjua Ma Kokuhirwa kwa sauti kabla sijamjua kwa sura. Kila asubuhi nilimsikia akigombana na mfanyakazi wake, Nestori, juu ya mkungu upi umekomaa na upi bado, na ugomvi wenyewe ulikuwa namna yao ya kusalimiana.

"Ule wa kando ya choo umeshiba, Nestori."

"Bado, Ma. Ukiukata leo utakula maji."

"Nani mwenye kibanja hapa?"

"Ni wewe, Ma. Lakini ndizi hazijui hilo."

Ma alikuwa akicheka mpaka anakohoa. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye ulimi mkali na mkono mwepesi wa kugawa. Jioni alimwaga ndizi na maharage kwenye jani la mgomba, tunakula watatu, naye akinisukumia upande wangu zile laini za juu na kusema, "Kula, mwana wange, mashine zenu zinanyonya damu." Nestori alikula akiwa amekaa mlangoni kwa sababu miguu yake ilikuwa na udongo wa shambani. Alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, akapata kazi ya kupalilia hapo tangu mume wa Ma yuko hai, na alikuwa na kibanda chake mwisho wa kibanja. Alikuwa amenizidi miaka kumi na kitu. Hakusoma. Nasema hakusoma kwa sababu ndivyo nilivyomwona mwaka ule: kabla ya kumwona mtu, niliona ambacho hana.

Mlangoni pa kibanda cha Nestori ndipo alipolala Bagambaki. Alikuwa mbwa wa rangi ya udongo, sikio moja limechanika, na hakuna aliyejua alizaliwa wapi. Aliachwa na wawindaji waliopita na magobore yao, akaja kibanjani na damu shingoni, Ma akampa uji, akabaki. Jina alimpa Ma mwenyewe. Huku jina la mbwa ni njia ya kumsema jirani bila kugombana naye, na Bagambaki maana yake ni "wanasemaje?" Baada ya mume wake kufa, shemeji yake, Ta Byabato, alikuwa akipita kwa majirani akisema kwamba mjane yule atauza kibanja na kukimbilia kwao. Basi kila alipopita njiani, Ma alisimama uani akaita kwa sauti, "Bagambaki! We Bagambaki!" Na shemeji alijua anayeulizwa si mbwa.

Mwezi wa Septemba Bagambaki alibadilika. Kwanza aliacha kula. Kisha akaanza kuzunguka, daima kwa upande mmoja, kichwa kimeinama, akigonga migomba kana kwamba haioni. Sauti yake ikawa ya kukwaruza. Alhamisi moja Ma alimpelekea makombo ya ndizi, akamshika kidevu amlishe, na mbwa akamuuma kiganja cha mkono wa kulia, meno mawili tu, akaachia na kuendelea na mzunguko wake. Mimi niliporudi kutoka kazini nilikuta Nestori ameshauosha mkono kwa sabuni ya kipande, maji mengi, na amemfunga mbwa kwenye mti wa kahawa. Alikuwa hana utani siku hiyo.

"Dokta," aliniambia, "huu ugonjwa nimeuona kwetu. Muangalie taya, limelegea. Mate hayakauki. Ma aende Bukoba akachomwe, na huyu tumuue, kichwa tumpelekee bwana mifugo kikapimwe."

Dawa ya kichaa cha mbwa wakati ule haikuwepo pale hospitalini, ilikuwa Bukoba. Basi la kwenda huko lilipita mara moja kwa wiki, Jumatatu alfajiri. Ma alikubali kwenda, lakini alikuwa akiogopa, na woga wake ulikuwa na sababu. Dada yake aliwahi kuchomwa zile sindano za zamani, za tumboni, moja kila siku, na alirudi akitembea kama mwanamke aliyejifungua kwa kisu. Ijumaa jioni alikunja kitenge, akakunja blauzi mbili, akaviweka kwenye kikapu, kisha akakaa karibu na kikapu hicho akikitazama. Jumamosi aliniuliza kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake: "Mwana wange, hakuna namna nyingine ya kujua kama huyu mbwa ni mzima? Nyie mna mashine ya kuona ndani."

Aliuliza kwa woga, nami nikajibu kwa majivuno. Sina namna nyingine ya kulisema. Katika kabati la vitabu la hospitali kulikuwa na kitabu cha maradhi ya wanyama kilichoachwa na mzungu fulani, nami nilikuwa nimekisoma kwa kukosa kingine. Nilikumbuka ukurasa mmoja uliosema kwamba mnyama anayezunguka upande mmoja na kuinamisha kichwa huenda ana kitu kinachomkandamiza ubongo: uvimbe, usaha, au mfupa uliovunjika. Nikakumbuka wawindaji, magobore, damu shingoni. Nikaona jambo zima limejipanga, na mimi peke yangu wilaya nzima ndiye niliyeliona. "Ipo namna," nikamwambia. "Kesho nitampiga picha ya kichwa."

Jumapili asubuhi hospitali ilikuwa kimya. Mkubwa wangu aliimba besi kwenye kwaya na hakuna kitu kingemtoa kanisani. Nestori alimleta Bagambaki mgongoni ndani ya gunia la kahawa, kichwa nje, mdomo umefungwa kwa kamba ya mgomba, na tukaingia kwa mlango wa nyuma. Nestori hakutaka kuja. Alikuja kwa sababu Ma alimwomba. Nilimvalisha aproni nzito ya kujikinga na mionzi, nikamwonyesha namna ya kumshika mbwa kwa ubavu juu ya meza ambayo juzi yake alikuwa amelala katekista mwenye nyonga iliyovunjika. Bagambaki hakupigana. Miguu ya nyuma ilikuwa imeshalegea. Alitutazama kwa jicho moja lililokuwa juu, na mate yakamwagika mezani, nikayafuta kwa pamba na spiriti.

Chuoni tulifundishwa mpaka tukachoka kwamba kichwa hupigwa mara mbili, kwa ubavu na kwa mbele. Picha ya ubavu itakuonyesha kitu kiko juu au kiko chini, lakini haikuambii kama kiko ndani ya fuvu au kiko nje chini ya ngozi. Hilo utalijua kwa picha ya pili. Nililijua hilo vizuri kama ninavyolijua jina langu. Lakini filamu zilikuwa chache na zikiandikwa kwenye daftari, na mwanamke aliye kwenye majaribio anaweza kusema filamu moja iliharibika kwenye chumba cha giza. Hawezi kusema mbili ziliharibika siku ambayo hapakuwa na mgonjwa. Nikapiga moja.

Nilipoitoa kwenye maji ya dawa na kuiweka mbele ya taa, bado ikichuruzika, nilipiga kelele ya furaha. Katikati ya kivuli cha fuvu, nyuma kidogo ya jicho, palikuwa na kidoa cheupe, kidogo kama punje ya mtama, chenye kingo kali. Chuma. Kipande cha risasi ya gobore. Nilimwita Nestori aone. Alikisogelea akakitazama kwa muda mrefu, mikono nyuma, kama mtu aliyekatazwa kugusa.

"Hiki kiliingia lini, dokta?"

"Zamani. Siku zile za wawindaji."

"Kama kiliingia zamani," akasema taratibu, "mbona anazunguka leo?"

Nimewasikia madaktari bingwa wakiuliza maswali juu ya picha kwa miaka mingi, na sijasikia swali zuri kuliko hilo. Nilimjibu kwa maneno makubwa. Nikamwambia chuma husafiri, ubongo huvimba, mambo hayo yana elimu yake. Alimrudisha mbwa ndani ya gunia, akambeba mgongoni, nami nikamfuata nikisukuma baiskeli.

Ma alitusubiri uani. Nilimweleza nikiwa nimesimama, koti langu jeupe bado mwilini, kwamba Bagambaki hana kichaa, ana chuma kichwani, na chuma hakiambukizi. Hakuniuliza mara mbili. Alicheka, akapiga makofi, akaingia ndani na nikamsikia kupitia ukuta akitoa nguo kwenye kikapu na kuzirudisha sandukuni. Siku hiyo alipika kuku. Alinipa firigisi, ambayo katika nyumba zile hapewi mtu wa kupanga, tena mwanamke, na akamwambia Nestori aliyekaa mlangoni, "Umeona wewe mtabiri wa mabaya? Mwanangu ameona mpaka ndani ya fuvu." Nestori alikula kidogo. Basi la Jumatatu lilipita, nikalisikia kwenye mlima nikiwa kitandani, nikageuka upande wa pili nikalala.

Jumatano Bagambaki alikufa. Hapo nilipewa nafasi ya pili, na hiyo ndiyo inayoniuma kuliko ya kwanza, kwa sababu kwenye ya kwanza nilikuwa mjinga tu. Nestori alinifuata stoo nikiwa nachukua baiskeli. Alisema, "Dokta, nakuomba. Tumpelekee bwana mifugo kichwa. Kama ni chuma, watakiona, na mimi utanicheka. Kama si chuma, basi la Jumatatu bado lipo." Nilifikiria muda mfupi sana. Nikafikiria bwana mifugo akiuliza nani alisema habari ya chuma, aliiona wapi, kwa mashine ya nani. Nikafikiria daftari la filamu. Nikamwambia, "Si nilishakwambia amekufa kwa chuma? Mzike." Akamzika yeye peke yake, chini sana, akaweka na mawe.

Septemba ikaisha, Oktoba ikaisha. Kidonda cha Ma kilifunga vizuri mpaka mimi mwenyewe nikawa nakionyesha kwa fahari. Mwezi wa Novemba senene walianguka kwa wingi, kila nyumba inakaanga, na ilikuwa wakati tunanyonyoa mabawa na miguu, beseni katikati yetu, ndipo Ma aliposema kiganja kinamwasha kwa ndani, mahali pasipokunika. Nilimwambia ni senene. Siku ya pili ulikuwa mkono wote. Siku ya tatu asubuhi nilisikia kikombe kikianguka jikoni, nikasikia Nestori akisema, "Ma, jaribu kidogo," na kisha sauti ambayo sikuijua, kama mtu anayekabwa. Nilipoingia, chai ilikuwa imemwagika sakafuni na Ma ameubana mgongo ukutani, anaitazama ile chai. "Yamawe," akasema, "koo limekataa. Koo limekataa, mwana wange."

Walimbeba kwa machela. Mganga mkuu alimletea maji kwenye glasi, akaona alivyoruka, akaiweka glasi chini na kutoka nje. Aliniita kwa kuwa nilikuwa naishi kwa Ma. Nestori alikuwa amesimama pale pale, hatua mbili kutoka kwangu.

"Aliumwa na mbwa?"

"Ndiyo, mganga mkuu. Septemba."

"Na mbwa?"

"Alikufa."

"Mungu wangu. Sasa kwa nini hakwenda Bukoba?"

"Aliogopa sindano," nikasema.

Ilikuwa kweli. Kila neno nililosema pale lilikuwa kweli, na nimekuja kuona kwamba ndiyo maana lilinitoka kwa urahisi. Nestori alinitazama kisha akatazama viatu vya mganga mkuu. Gari la hospitali lilitumwa Bukoba siku ile ile kuleta dawa kwa ajili ya wote waliomgusa mbwa na waliomhudumia Ma, na kesho yake lilikuwa limerudi. Kumbe dawa ilikuwa mbali kiasi hicho tu. Nilichomwa mimi, akachomwa Nestori. Sindano ilikuwa ya mkononi, si ya tumboni tena. Zile za tumboni zilikuwa zimeshaachwa, na hakuna aliyekuwa amemwambia Ma. Mimi mfanyakazi wa hospitali ningeweza kuuliza. Sikuuliza.

Ma Kokuhirwa alikaa wodini siku tatu, kwenye chumba cha peke yake. Kulikuwa na saa alizokuwa hajitambui, na kulikuwa na saa alizokuwa mtulivu kabisa, anaongea kama anavyoongea siku zote. Nestori ndiye aliyekaa naye. Mimi nilipita dirishani mara nyingi na kuingia mara mbili, kisha nikasema nina wagonjwa wananisubiri. Mara ya mwisho alinishika mkono kwa ule wake mbovu na kuniambia nisisahau kuanua kahawa mvua ikija. Nikasema sitasahau. Nilimpenda mwanamke yule. Naliandika hapa kwa sababu mtu akisoma haya anaweza kudhani sikumpenda.

Kwenye msiba niliketi na wanawake tukimenya ndizi za watu wa matanga, na mazungumzo yote niliyasikia yakitoka kwa watu walioketi nyuma yangu. Kwa nini hakwenda kuchomwa? Si alikuwa ameshafunga kikapu? Nani alimzuia? Nilisikia sauti ya Ta Byabato ikisema mbwa alikuwa akilala kwa nani, nani aliyemzika kwa siri bila kumwambia mtu, nani alikuwa na haraka ya kuweka mawe juu. Akasema Mrundi huyu alijua mbwa wake ni mgonjwa akamdanganya mwenye nyumba ili asiuawe. Mwanamke mmoja akaitikia, "Eh, waitu, si ndiyo hivyo." Nilimenya ndizi. Nestori aliitwa mbele ya watu akaulizwa nani alimwambia Ma kwamba mbwa ni mzima. Aliinamisha kichwa. Nilingoja ataje jina langu. Nilikuwa nimeshapanga hata maneno ya kukana. Hakulitaja. Baada ya matanga alipewa muda wa kuchukua jembe na blanketi lake, akaondoka kwa njia ya Kyerwa, ambayo wakati ule bado ilikuwa sehemu ya Karagwe. Alipopita mbele ya dirisha langu nilikuwa chumbani. Nilikaa kitandani mpaka nilipohakikisha ameshapita.

Wiki hiyo hiyo niliichukua ile filamu nilikoificha, nikailoweka kwenye jiki mpaka picha yote ikabanduka ikabaki plastiki safi, nikampa muuguzi wa wodi ya watoto aliyekuwa akitafuta kitu cha kufunikia chati zake. Januari nikapata barua. Mganga mkuu aliandika kwamba mimi ni mchapakazi na mwaminifu. Nilihamia kwenye nyumba za hospitali, baadaye nikaenda kusoma zaidi, nikawa mwalimu, nikafundisha picha mbili za kichwa kwa ukali uliojulikana chuo kizima. Wanafunzi walinitungia jina la utani kwa ajili ya hilo. Hakuna aliyewahi kuniuliza ukali ule ulitoka wapi. Na hata ukali wenyewe ulikuwa wa kujidanganya, kwa sababu ningempiga Bagambaki picha mbili, au kumi, nisingekiona kichaa. Nilimuuliza Jasinta, baada ya siku kadhaa za kuona haya, kama mashine yake ya Nairobi inaweza kukionyesha. Akanijibu kwamba wakati mwingine yapo mabadiliko, wakati mwingine ubongo unaonekana safi kabisa, na kwamba mbwa wa kudhaniwa hivyo wao hawamgusi wala hawamwingizi kwenye mashine. Aliyeumwa anaoshwa jeraha na anakwenda kuchomwa siku hiyo hiyo bila kungoja picha ya mtu. Ndivyo alivyosema Nestori siku ya Alhamisi.

Nilimwandikia Jasinta ukweli. Kisha nikaona kwamba nimemwandikia mtu asiyehusika. Nikaanza kuulizia, na kwenye mazishi ya muuguzi mmoja wa enzi zetu nikaambiwa Nestori yu hai, yuko huko huko Kyerwa, upande wa Nkwenda, ana kibanja chake, mke na wajukuu. Nikachukua pikipiki. Nilimkuta uani anaanika kahawa, akizisambaza juu ya turubai kwa mguu. Alikuwa amekuwa mzee mwembamba mwenye mvi hadi kwenye nyusi. "Shikamoo, Mzee Nestori," nikasema, na nikatambua kwamba mwaka mzima tuliokula pamoja sikuwahi kumwamkia hivyo. Aliitikia marahaba, akanitazama, akanifahamu. Aliagiza niletewe kigoda.

Nilisema yote. Nilisema bila kujitetea, kwa kadiri nilivyoweza: filamu moja, swali lake, Jumatano, aliogopa sindano, msiba, dirisha. Nilipomaliza aliuliza kama Ta Byabato bado yupo. Nikamwambia alifariki zamani, na wale wanawake wa msiba wengi wao wameshafariki.

"Kwa hiyo wamekufa wanajua ni mimi," akasema.

"Ndiyo."

Akaendelea na kahawa yake kidogo. "Siku ya pili kule wodini, asubuhi, Ma alikuwa na akili zake," alisema. "Alishajua. Akaniambia, Nestori, yule mtoto bado yuko kwenye majaribio. Wakisikia habari ya picha watamfukuza, na hana kwa kwenda. Nyamaza mpaka apate barua yake. Nikamuahidi." Aliinua uso. "Barua uliipata?"

"Niliipata, mzee."

"Lini?"

"Januari. Ile ile iliyofuata."

Aliinama akaokota kijiwe kati ya kahawa, akakitupa nje ya turubai.

"Basi Ma aliniomba mpaka Januari," akasema. "Hii miaka mingine yote umeiongeza wewe."